Muhuri wa Limechezwa

Kitendawili! Semeni "tega" kwa sauti, msininong'onee kama mnaoiba sukari.

Haya. Nikipigwa nalia, nikilia, watu wanacheza.

Nawasikia. Ngoma, ngoma, ngoma, kila mtu ngoma. Hata mimi nilipokuwa darasa la nne, na ndilo darasa nililoishia, ningesema ngoma, na mwalimu angeniwekea alama ya vema. Lakini leo si ngoma. Mmeshindwa, na mkishindwa desturi mnaijua: nipeni mji.

Mmenipa Tabora, sitaki, nimezaliwa huko. Mmenipa Dar es Salaam, sitaki, kuna joto na kuna wakwe zangu. Sasa mmenipa Mdundoni, mji ambao hakuna kati yenu aliyewahi kuuona, mkidhani mnamkomoa bibi yenu. Basi nimeuchukua. Nimekwenda Mdundoni, nimekaa siku kumi na moja, nimekula wali wao, nimesoma sheria zao ukutani, na jibu la kitendawili nawapeni sasa hivi ili msinisumbue: ni kijana wa Mdundoni. Huyo ndiye akipigwa analia, na akilia watu wanacheza. Mnacheka. Kaeni kwanza.

Huko nilimkuta mjukuu wangu Nyamizi, mtoto wa binti yangu wa pili. Msiniulize alifikaje. Vijana wa siku hizi hufika kila mahali kabla yetu.

"Shikamoo, mke mwenzangu," akaniambia.

"Marahaba, mwizi wa mume wangu. Mbona umekonda hivyo? Huku hawali?"

"Wanakula, Bibi. Ila mimi najitolea."

Nyamizi amesomea uuguzi, ana cheti, ana miaka ishirini na minne, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kufanya kazi katika zahanati ya Mdundoni bila jina lake kuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Kule wanaita kujitolea. Nikamuuliza, "Sasa mwenzangu, umetoa nini mpaka leo?" Akafikiri kidogo, akasema, "Ujana."

Mdundoni si nchi ya watu wabaya, nisiseme uongo. Wanasalimia, wanakaribisha, mgeni haondoki na njaa. Barabara zao zina taa, nyingine hata zinawaka. Tatizo lao ni sheria moja, nayo imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya dirisha la Idara ya Vilio na Burudani: LALAMIKO LISILOCHEZEKA HALIPOKELEWI.

Nilidhani nimesoma vibaya, maana miwani yangu ina mkwaruzo. Nikasogea dirishani. Ndani alikaa karani mmoja, Bwana Sikitu, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Mbele yangu alikuwa kijana mkulima aliyekuja kusema kwamba daraja la kwao limechukuliwa na maji, na watoto wanavuka mto kwa kamba kwenda shule. Akaeleza vizuri sana. Bwana Sikitu alikuwa anamsikiliza kwa vidole: anagonga meza, tu-tu, anaacha, anagonga tena. Mwishowe akamrudishia karatasi yake.

"Kijana wangu, jambo lako ni zito, lakini halina mdundo. Hapa kwenye 'kamba' pana utamu. Irudierudie hiyo kamba. Tafuta kiitikio, urudi Jumatano."

"Na kabla ya Jumatano watoto wakisombwa?"

Bwana Sikitu akagonga meza kwa vidole. "Hilo, ona sasa! 'Watoto wakisombwa.' Hilo lina mwendo. Liandike."

Zamu yangu ilipofika nikamuuliza, kwa adabu, lalamiko likishapata mdundo linakwenda wapi. Akanieleza bila kunificha kitu. Linapelekwa kwa watia mdundo wa serikali, wanalipigia vinanda, kisha Ijumaa linapelekwa uwanjani. Mwenyewe mlalamikaji ndiye anayeliimba, maana kumwimbia mtu lalamiko lake ni udhalilishaji. Barubaru Mkuu akilipenda, anainuka na kulicheza. Akishalicheza, linapigwa muhuri. Akaufungua mkebe wa wino, akanionyesha muhuri wenyewe. Umeandikwa LIMECHEZWA.

"Yaani limeshughulikiwa?" nikauliza.

"Limechezwa, Bibi."

"Nasikia. Ila naulizia kushughulikiwa."

"Ndiyo, Bibi. Limechezwa." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

"Na mtu akiuliza tena jambo lile lile?"

"Lililokwisha chezwa?" Akashusha sauti. "Huo ni uchochezi, Bibi. Utakuwa unawalazimisha wananchi kucheza wimbo wa zamani."

Nyuma yake palikuwa na rafu za malalamiko yaliyochezwa, kutoka sakafuni hadi darini. La maji lilikuwapo, "Ndoo Kichwani," na nikaambiwa mwaka ule watu walilicheza kwa vijindoo vya plastiki vyenye picha ya Barubaru Mkuu. La walimu lilikuwapo. La wazee wa kiinua mgongo lilikuwapo, lenyewe la taratibu, la kuchezwa mmeketi. Baadaye nikamuuliza Nyamizi kama maji yalitoka. Akasema vijindoo vilitoka.

Huyu Barubaru Mkuu lazima niwaeleze. Barubaru mnajua maana yake, kijana aliyeanza kuota ndevu. Yule wa kwao ana miaka sabini na minne. Ndiye msimamizi wa mambo yote ya vijana, na ameyasimamia tangu alipokuwa kijana kweli. Anavaa suruali ya jinzi iliyochanika magotini, na ina fundi wake maalumu wa kuichana. Kofia ameigeuza kisogoni. Anatafuna bazoka upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia hakuna wa kutafuna. Fimbo yake ya kutembelea imepakwa rangi kama viatu vyake vya mpira, ili isionekane fimbo.

Nilimwona kwenye Baraza lao siku ya tatu, siku ya mjadala mkubwa: kijana anakoma kuwa kijana lini? Nyamizi alinipeleka kwa sababu wageni wazee wanaruhusiwa kuketi ndani. Vijana wanasikilizia nje kwenye vipaza sauti. Mjumbe mmoja akasema miaka thelathini na mitano. Wakamzomea. Mwingine, yeye mwenyewe kijana wa miaka hamsini na minne, akasema kwa uchungu kwamba ujana ni moyo. Wakapiga meza. Wakabishana asubuhi nzima, wakanywa soda, wakarudi, na mwishowe wakapitisha hivi: "Kijana ni mtu yeyote ambaye bado anasubiri."

Niliona ni sheria ya kweli kuliko zote nilizozisikia pale. Lakini mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Spika, naomba kuelimishwa. Kama kijana ni anayesubiri, Barubaru Mkuu wetu anasubiri nini?"

Barubaru Mkuu mwenyewe akasimama kwa ile fimbo yake, akaihamisha bazoka. "Nasubiri," akasema, "kijana wa kumwachia." Wakasimama wote wakampigia makofi, na wengine walilia. Nje kwenye vipaza sauti, vijana nao walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, mkono ukaenda wenyewe.

Sasa Nyamizi tangu utoto ana tabia ya kuandika. Ana daftari la kurasa mia mbili, jalada lake lina picha ya twiga, na humo anaandika lolote linalompitia kichwani. Nilipomuuliza anaandika nini akasema, "Mawazo tu, Bibi. Ya maisha, ya muziki, ya siasa. Upuuzi." Akaniachia nilisome mchana akiwa kazini. Nawasomea kidogo, kama lilivyo:

"Leo nimeamka alfajiri kupanga foleni ya maji. Mbele yangu alikuwa dada anajirekodi akipanga foleni. Watu elfu sita wamemtazama akipanga foleni. Maji hayakutoka. Jioni redioni wamemhoji siri ya mafanikio yake."

Na hili:

"Msanii wetu mkubwa amegombana na msanii wetu mwingine mkubwa kuhusu viatu. Nchi imegawanyika. Rafiki yangu niliyesoma naye hanisalimii kwa kuwa mimi ni wa upande wa viatu vyeupe. Wiki hiyo hiyo Baraza limepitisha kwamba kura ya kijana ihesabiwe nusu, nusu nyingine atapewa akikua. Habari hiyo nimeikuta chini ya habari ya viatu, chini ya tangazo la sabuni. Nami niliisoma mwisho. Nilianza na viatu."

Na ukurasa mmoja mzima wenye mistari miwili tu: "Wanatuambia sisi ni taifa la kesho. Nimeitafuta kwenye kalenda, haimo."

Nilicheka peke yangu, nikasema mtoto huyu katoka kwangu. Kisha nikafungua ukurasa wa Zawena.

Zawena alikuwa rafiki yake, msusi wa nywele, wa umri wake. Alikuja zahanati kujifungua siku ya Ijumaa, mchana kweupe. Mtoto akatoka salama, wa kike. Damu ya mama ikakataa kusimama. Sindano ya kuzuia damu ilikuwapo, Nyamizi alikuwa ameipokea mwenyewe wiki ile na kuihesabu. Ilikuwa ndani ya stoo ya dawa. Stoo ina mlango wa chuma, mlango una kufuli, na kufuli lina ufunguo mmoja ambao wafanyakazi saba wa zahanati huachiana kwa zamu. Siku hiyo wote saba walikuwa wameitwa uwanjani kucheza, maana mfanyakazi wa serikali asipoonekana uwanjani Ijumaa huandikwa jina. Aliyebaki ni Nyamizi, kwa kuwa anayejitolea hayumo kwenye orodha, na asiyekuwamo kwenye orodha haitwi kucheza.

Alipiga simu kwa wote saba. Hakuna aliyepokea. Alipiga kufuli kwa jiwe. Alirudi akamshika Zawena mkono, akatoka, akapiga tena jiwe. Saa kumi kasoro Zawena alikuwa amekwisha kata roho.

Kwenye daftari hakuandika sana. Aliandika saa, na jina, na chini yake swali moja: "Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Akawauliza wote saba, mmoja mmoja. Kila mmoja alisema alikuwa amekwisha mwachia mwenzake. Kwenye kitabu cha zamu, ukurasa wa siku ile ulikuwa umechanwa. Pakaundwa tume, tume ikakaa miezi miwili, ikatoa ripoti yenye picha ya wajumbe wake, ikasema: "Ufunguo ulikuwa mahali pake." Ndipo Nyamizi akalipeleka swali dirishani kwa Bwana Sikitu. Mtoto wa watu, hakuwa na dirisha lingine.

Bwana Sikitu aligonga meza mara moja tu, akainuka kwenye kiti.

Jamani, ule wimbo mtamu. Nisiwadanganye. Watia mdundo walilichukua "Ufunguo ulikuwa kwa nani?" wakalifanya kiitikio: *Ufunguo, ufunguo, kwa nani, kwa nani?* Wakauwekea na mtindo wake wa kucheza, unanyoosha mkono mbele, unazungusha kifundo kama unafungua kufuli, huku kiuno kinajibu. Nilipofika Mdundoni wimbo ulikuwa haujafika hata uwanjani, ulikuwa redioni tu kwa majaribio, na tayari makondakta wanazungusha mkono, wauza mitumba wanazungusha mkono, bibi harusi nilimwona akiingia ukumbini anazungusha mkono. Watu wote wanauliza swali lile kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayeuliza.

Nyumbani tulikofikia ni kwa Bi Mashavu, mhudumu wa zahanati, mmoja wa wale saba. Mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mikono ya kupika. Ndiye aliyempa Nyamizi chumba bure miaka yote mitatu, akamuuguza malaria, akamsuka, akamgombeza. Nyamizi anamwita mama, na mimi nilimwonea wivu kidogo. Wimbo ukipigwa redioni, Bi Mashavu alikuwa anakwenda uani kupepeta mchele. Nilijua ni majonzi. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ya nane Bwana Sikitu akaja mwenyewe na bahasha. Ijumaa wimbo unapanda uwanjani, Nyamizi ataimba, Barubaru Mkuu ameusikia na magoti yake yameanza mazoezi. Na zaidi ya hayo: ameonekana anafaa kuwa Sauti ya Vijana. Ajira ya kudumu, meza, kiti kinachozunguka, jina kwenye orodha.

"Na swali langu?" Nyamizi akauliza.

"Swali lako litachezwa na Barubaru Mkuu mwenyewe, binti. Unataka nini zaidi?"

"Nataka lijibiwe."

"Likichezwa," akasema kwa upole, "halitakuwa na haja."

Alipoondoka, Nyamizi aliniangalia mimi. Na hapa, wajukuu zangu, nawaambia la aibu yangu. Nilimwambia achukue kile kiti.

"Miaka mitatu unajitolea," nikasema. "Mifupa imekutoka shingoni. Zawena hatarudi, hata wangekuletea ufunguo kwenye sinia. Kaa kwenye kiti, ukishakaa ndipo useme."

"Bibi, wote waliokaa walisema hivyo hivyo."

"Wewe si wote."

"Bi Mashavu, na wewe unasemaje?" Akageukia mlangoni, mwenyewe alikuwa amesimama pale na ungo.

Bi Mashavu akauangalia ule mchele. "Sikiliza bibi yako," akasema. "Chukua, mwanangu. Watu wasahau, wapumzike." Akarudi uani.

Nyamizi akasema sawa. Akalala akiwa amekubali, nami nikalala nimeridhika, nikiota kiti kinazunguka.

Alhamisi akataka kwenda kumwarifu mama yake Zawena kabla hajasikia redioni. Tukaenda wote wawili. Tulimkuta mama wa watu kibarazani na mjukuu wake mgongoni, yule mtoto wa kike, wa miezi saba sasa, anatoa meno na analia kweli kweli. Mama akatusalimia kwa furaha, akaendelea kumbembeleza mtoto. Anamtikisa, anampigapiga matakoni taratibu, na anaimba. *Ufunguo, ufunguo, kwa nani, kwa nani.* Mkono wake mmoja hewani unazungusha.

Nyamizi akasimama. "Mama, unajua huo wimbo ni wa nini?"

"Najua, mwanangu. Si ule wako wa Zawena?" Akatabasamu, akamgeuza mtoto bega la pili. "Hauna kosa. Mtamu. Huyu hanyamazi kwa mwingine wowote."

Na kweli, mtoto akanyamaza.

Tuliporudi kwa Bi Mashavu, Nyamizi akachana ule ukurasa wa swali kutoka kwenye daftari la twiga, akaukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la khanga. "Nitakwenda," akasema, "lakini sitaimba." Nikamkumbusha sheria, asipoimba halipokelewi. "Bora lisipokelewe. Lisipopokelewa halichezwi, na lisipochezwa bado ni swali." Bi Mashavu alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kutoa unga mweusi.

Ijumaa uwanja ulijaa. Sijawahi kuona watu wengi hivyo tangu tulipopata uhuru, na wakati ule nilikuwa mgongoni. Wafanyakazi wa serikali walikuwa mbele kwa mistari, kila idara na sare yake, na wasimamizi wanapita na orodha. Wa zahanati walikuwa mstari wa kwanza, saba, Bi Mashavu katikati kwa ajili ya unene wake. Wazee wageni tuliwekewa viti pembeni ya jukwaa. Barubaru Mkuu alikaa juu, kofia kisogoni, na Bwana Sikitu nyuma yake ameshika muhuri na mkebe wa wino ukiwa wazi.

Wapigaji wakaanza. Uwanja mzima ukanyoosha mkono. Nyamizi akapanda.

Alishika kipaza sauti, akafungua pindo, akaisoma ile karatasi. Hakuimba. Alisema kama mtu anavyosema dukani, kama mnavyosema ninyi. "Jina lake lilikuwa Zawena. Alikuwa msusi. Alifika zahanati saa saba."

Wapigaji wakadhani ni utangulizi, wakamfuata. Mpiga ngoma akawa anasubiri silabi aipige. Nyamizi akisema upesi, ngoma inakimbia. Akinyamaza kutafuta neno, ngoma inaanguka mbele kama mtu aliyekosa ngazi. Alikohoa, wakapiga kikohozi. Watu wakazungusha mkono nusu, wakaacha, wakaangaliana. Sauti ya mtu anayesema kweli, nimegundua, haishikiki. Kinanda kikaacha. Kisha magitaa. Mwisho mpiga ngoma akaweka fimbo zake chini, akajifuta jasho.

"Sindano ilikuwa stoo," Nyamizi akasema. "Mlango una kufuli. Naomba kuuliza. Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Swali walilolicheza wiki nzima, ndiyo kwanza wanalisikia.

Lakini Barubaru Mkuu alikuwa amekwisha kuinuka. Aliinuka ngoma ilipokuwa bado inapiga, akanyanyua mguu wa kulia, na ngoma ikamwacha hivyo hivyo, mguu juu, fimbo pembeni, anatetemeka. Bwana Sikitu akauchovya muhuri kwenye wino, akausimamisha hewani.

"Mheshimiwa amecheza," akasema mjumbe wa kulia.

"Hajacheza," akasema wa kushoto. "Amenyanyua. Kanuni inasema kucheza ni miguu miwili."

"Inasema miguu miwili kwa mwananchi. Kwa Mheshimiwa, dalili inatosha."

"Na akiushusha huo mguu bila ngoma? Atakuwa amecheza au ameshusha?"

"Asiushushe kwanza! Mheshimiwa, usiushushe, tunashauriana!"

"Nashindwa," akasema Barubaru Mkuu, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ya kizee, ndogo, ya kweli. Wawili wakamshika kwapani. Kitabu cha kanuni kikaletwa. Wakakisoma wakiwa wamemshikilia vile, kama kuku anayeoshwa. Uwanja mzima, maelfu kwa maelfu, ulikuwa unasubiri mguu wa mzee mmoja, na macho ya kila mtu yalikuwa kwenye kile kiatu cha mpira.

Ila Nyamizi. Yeye hakumtazama. Alikuwa amegeukia watu, karatasi mkononi, anasubiri kama mtu aliyeuliza na anayetaka kujibiwa. Nilitaka kupanda nikamtoe. Nilijua kiti kimekwenda, na kwamba kabla ya jua kutua wangekuja na neno la uchochezi. Nikabaki kwenye kiti changu cha wageni.

Chini, kwenye mstari wa kwanza, msimamizi mmoja akapaza sauti, "Wewe! Rudi mstarini!"

Bi Mashavu alikuwa ametoka. Alikuja hadi chini ya jukwaa, polepole, na sare yake ya kijani, akasimama usawa wa pale mjukuu wangu aliposimama juu. Hakuwa na kipaza sauti. Lakini hapakuwa na ngoma, na mimi nilikuwa karibu.

"Ulikuwa kwangu, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuwa hapa hapa, mstari wa mbele, wimbo ni 'Dawa Hakuna.' Simu yako ilitetemeka mfukoni mara tisa. Ilikuwa inagonga kwenye ufunguo. Nikaendelea kucheza."